Kuruhusiwa kushika si kuruhusiwa kufyatua: adabu za kukagua silaha iliyotumika kabla ya kuinunua au kuiuza

Shabaha (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Maswali mengi ya watu wanaotaka kununua bunduki au bastola iliyokwisha kutumika yanahusu jambo moja tu: nitajuaje kwamba ni nzima? Swali ni la haki, ila linaruka hatua. Kabla hujajua kama silaha ni nzima, sharti uikabidhiwe, na wakati huo bado ni mali ya mtu mwingine. Namna unavyoipokea, unavyoifungua na unavyoirudisha ndiyo inayoamua kama mwenyewe atakuacha uikague kwa kina au ataitia mkobani kwa upole na kukuaga. Masuala ya vibali na uhamisho wa umiliki yanatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo nayachukulia kuwa yamekwisha kumalizwa: muuzaji anamiliki kihalali, mnunuzi ana kibali, na mahali mnapokutana panaruhusiwa na sheria. Asiye na hayo hana cha kukagua.

Msimamo wangu ni kwamba kila tendo lina ruhusa yake. Kuruhusiwa kushika si kuruhusiwa kukoki, yaani kuitegesha silaha iwe tayari kufyatuka, kuruhusiwa kukoki si kuruhusiwa kufyatua, na hakuna hata moja kati ya hayo linalokupa haki ya kutoa bisibisi mfukoni. Wapo wanaoona hizi kuwa ni mbwembwe za wakusanyaji wa silaha ghali, lakini ukizichunguza utakuta kila moja ina sababu yake, ama katika usalama wa watu waliopo, ama katika chuma chenyewe.

Tuanze na makabidhiano. Anayetoa anaondoa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha anavuta nyuma slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, au bolti, yaani komeo la bunduki, anaangalia ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na anaikabidhi silaha ikiwa wazi. Mpangilio huo haubadilishwi. Mtu akivuta slaidi huku magazini yenye risasi ingali ndani, atatoa risasi iliyokuwa kwenye chemba, na slaidi itakaporudi itasukuma nyingine mahali pale pale. Akichomoa magazini baada ya hapo, mkono mmoja utakuwa na magazini na mwingine utakuwa na bastola iliyojazwa ambayo yeye anaamini ni tupu. Anayepokea naye anaangalia upya, na ikiwezekana anaingiza ncha ya kidole kidogo ili aipapase chemba, hata kama amemwona mwenzake akifanya hivyo sasa hivi. Kukagua baada ya mwenzako si kumtuhumu. Mtu anayechukizwa na hilo ni wa kuwa naye mwangalifu zaidi, si pungufu. Neno fupi kama "nimeishika" lisemwe kabla anayetoa hajaachia, kwa sababu silaha huweza kuanguka na kupasuka kitako katika ile nukta ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye ameshika.

Mdomo wa mtutu una upande wake tangu mwanzo. Kabla ya kupokea, jua ukuta au ardhi ipi itauelekea, na ukitaka kuiweka begani ili uone kama kitako kinakufaa, uliza: "Naweza kulenga wapi?" Huo ndio ustaarabu unaotambuliwa haraka kuliko wote. Kidole kikae nje ya kizingo cha kifyatulio.

Sasa nakuja kwenye ugomvi wa kawaida, yaani kufyatua tupu, ambako ni kuvuta kifyatulio bila kitu ndani ya chemba. Bunduki nyingi za kisasa zinazotumia risasi zenye fataki (kiwashio cha baruti) katikati ya kitako cha ganda hazidhuriki kwa kufanyiwa hivyo mara chache. Za .22, zile za risasi ndogo za kipenyo cha takriban inchi 0.22, ni habari nyingine. Risasi ya .22 ina kemikali ya kuwashia kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo pini ya kupigia fataki hupiga pembeni, si katikati. Ukingo huo usipokuwepo, katika baadhi ya miundo pini hufika hadi kwenye mdomo wa chemba yenyewe na kuacha kibonyeo. Kibonyeo kikiota, ganda linaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Watengenezaji wengi wa sasa wameweka kizuizi cha kuzuia hilo, lakini anayejua kama bunduki iliyo mbele yako ni ya kundi gani ni mwenyewe, si wewe. Bunduki za zamani za marisau nazo hazipendi kufyatuliwa tupu, kwa kuwa pini zake huweza kuvunjika na kuzipata upya ni kazi ya kuchongesha.

Mambo mengine nayataja kwa haraka. Silinda ya rivolva (bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye matundu ya silinda inayozunguka) haifungwi kwa kurusha kifundo cha mkono. Inasukumwa kwa kidole gumba, maana kuirusha kunapinda mkono wa chuma unaoibeba silinda. Slaidi ya bastola haiachiwi ijigonge mbele juu ya chemba tupu, hasa kwa bastola zilizochongwa kifyatulio kwa ustadi. Pete, saa na bizimu ya mkanda ziwe mbali na kitako. Chumvi ya jasho huanzisha kutu kwenye chuma kilichopakwa rangi nyeusi ya kizamani, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta kidogo kipitishwe kabla ya kurudisha.

Karibuni muongeze, au mnipinge.

Fundi Tindo

Ndugu Shabaha umeeleza vyema. Mimi nitaongeza yanayoonekana bila kufungua skrubu hata moja, kwani wanunuzi wengi hukimbilia kuomba silaha ifunguliwe vipande ilhali macho yao hayajamaliza kazi.

Anza na skrubu zenyewe. Vichwa vilivyoliwa na bisibisi isiyolingana vinakuambia kwamba kuna mtu asiye fundi aliyewahi kuingia ndani. Halafu tazama maandishi na kingo. Silaha iliyong'arishwa na kupakwa rangi upya huwa na herufi zilizofifia upande mmoja, kingo zilizoviringika, na matundu ya skrubu ambayo midomo yake imezama kama visahani. Kupakwa rangi upya si dhambi. Kutokusema ndilo kosa.

Ndani ya mtutu patazamwe kwa taa ndogo kutoka upande wa nyuma, bolti ikiwa imetolewa kwa ruhusa au na mwenyewe. Unachotafuta si mng'ao peke yake. Kivuli chenye umbo la pete, kinachozunguka ukuta wote wa ndani, ni dalili ya mtutu uliovimba, na kwa kawaida husababishwa na kufyatuliwa huku kitu kimekwama ndani. Pitisha ncha za vidole polepole juu ya mtutu kwa nje katika sehemu hiyo hiyo. Wakati mwingine uvimbe ambao jicho halikuuona, kidole kinauhisi. Bunduki ya namna hiyo haihitaji mazungumzo ya bei bali fundi.

Vishimo vya kutu navyo vina historia. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki yenye klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, na mafuta pekee hayaiondoi kwa sababu inayeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta. Ndiyo maana askari wa zama zile walifundishwa kupitisha maji ya moto kwanza. Unapokagua bunduki ya kijeshi ya miaka hiyo, mtutu mweusi wenye vishimo usikushangaze, na wala usimhukumu mwenye nayo wa leo kwa jambo ambalo huenda lilitokea kabla hajazaliwa. Ila una haki ya kuomba kipande kimoja cha kitambaa kikavu kipitishwe, kwa kuwa mafuta mazito huficha vishimo vizuri sana, na wauzaji wengine wanalijua hilo.

Msomaji Kimya

Samahani wakubwa, mimi nina shaka. Nikifuata adabu zote hizi nitaishia kununua nikiwa nimefumba macho. Muuzaji anasema usifyatue, usifungue, usikoki. Basi nitajuaje kama kifyatulio kinafanya kazi? Naona adabu inamlinda muuzaji peke yake.

Shabaha

Hoja yako ni nzito, na sitaki kuipuuza. Mimi sikusema usifanye, nilisema uombe. Kati ya kufanya bila kuomba na kutofanya kabisa kuna nafasi kubwa. Mwenye bunduki akikataa isifyatuliwe tupu, pendekeza risasi bandia, zile ambazo hazina baruti wala fataki na zina springi au plastiki ya kupokea pigo la pini. Beba zako, uzioneshe kabla ya kuzitumia, na mwachie mwenyewe aziingize. Asipokubali hilo, pendekeza mkutane kwenye uwanja wa kulenga shabaha unaotambuliwa na ifyatuliwe kwa risasi halisi, au ipelekwe kwa fundi mtakayekubaliana kwa gharama yako.

Anayekataa jambo moja na kutoa sababu, mheshimu. Anayekataa kila pendekezo bila sababu amekwisha kukujibu lile swali lako la kwanza, nawe utarudi nyumbani na fedha zako bila kugombana na mtu. Kwa hiyo adabu hii inakulinda nawe pia: inakutofautishia mwenye kujali mali yake na mwenye kuficha kitu, na huwezi kuwatofautisha ikiwa umefyatua kabla ya kuuliza na wote wawili wamekasirika kwa pamoja.

Niongeze kwamba kuuliza kunakuepusha na hukumu za uongo. Bastola ya Browning Hi-Power ya kawaida ina kizuizi kinachofanya kifyatulio kisifanye kazi magazini ikiwa nje. Mtu asiyelijua hilo huitoa magazini kwa nia njema, akavuta, akaona hakuna kinachotokea, akatangaza mbele ya watu kwamba bastola ni mbovu. Kwa upande mwingine, ili kuifungua Glock vipande unalazimika kwanza kuvuta kifyatulio. Ukiomba ruhusa ya kuifungua umeomba na ruhusa ya kufyatua, na chemba inastahili kuangaliwa tena hapo hapo, hata kama mliiangalia dakika moja iliyopita.

Mkongwe

Ningependa tusiisahau bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, kwa maana ndiyo inayouzwa ikiwa na umri mkubwa kuliko nyingine, na ndiyo inayokaguliwa vibaya kuliko zote. Watu huifungua na kuifunga kwa kishindo ili wasikie "mlio wa bunduki nzuri." Bunduki nzuri hufungwa taratibu huku wenzo wa juu wa kuifungulia ukishikiliwa kwa kidole gumba.

Mwombe mwenyewe aondoe kile kipande cha mbao cha mbele, kisha aifunge tena bila hicho kipande na akupe. Kikiwepo, kinaweza kuficha ulegevu. Shika kitako kwenye shingo yake kwa mkono mmoja, mitutu kwa mkono wa pili, na jaribu kuitikisa kwa upole, kwenda pembeni na kwenda juu na chini. Isicheze. Halafu inue mpaka mwanga uwe nyuma ya maungio. Mwanga unaopenya kati ya mitutu na uso wa chuma unaoipokea si habari njema. Wenzo wa juu nao huzungumza. Katika bunduki nyingi za aina hii, ikiwa mpya wenzo hukaa ukielekea kulia kidogo, na kadiri maungio yanavyolika ndivyo unavyosogea kuelekea katikati na hata kuvuka.

Mwenyewe akiridhia, mitutu iliyotengwa na kitako ining'inizwe kwenye kidole kwa ndoano yake ya chini, na igongwe taratibu kwa kifundo cha kidole. Ikilia kwa sauti ndefu iliyo wazi, ubao mwembamba wa chuma uliounganisha mitutu umeshikamana. Ikitoa sauti butu, kuna mahali solda (madini ya kuunganishia) imeachia, na unyevu huenda unakula chini yake pasipoonekana.

Lakini la kuogopesha zaidi haliko kwenye sauti wala ulegevu. Liko kwenye urefu wa chemba. Bunduki nyingi za zamani zilichongwa chemba ya milimita 65, ilhali risasi za kawaida za leo ni za milimita 70, na zipo za 76. Urefu huo hupimwa ganda likiwa limekwisha kufyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa, kwa hiyo risasi ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kipingamizi chochote na bunduki inafungika kama kawaida. Ni wakati wa kufyatua ndipo mdomo unapofungukia mahali pembamba na shinikizo kupanda. Kwamba risasi "inaingia vizuri" si ushahidi wa lolote. Soma mihuri ya majaribio iliyoko chini ya mitutu: nyumba za majaribio, yaani taasisi zinazopima nguvu za mitutu, kama ile ya London, ambayo chama chake cha mafundi kilipata hati ya kifalme mwaka 1637, na ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813, zilipiga mihuri inayoonesha mtutu ulijaribiwa kwa baruti ya aina gani. Mtutu uliojaribiwa kwa baruti nyeusi pekee, kama ilivyo kwa mitutu mingi ya chuma kilichosokotwa, haulishwi risasi ya baruti ya kisasa. Muuzaji asiyejua kusoma mihuri hiyo na aseme hajui, ipelekwe kwa anayejua.

Bohari

Mimi huwa upande wa kuuza, na naomba niseme ya upande huu, mazuri na mabaya.

Muuzaji anadaiwa kusema kabla ya kuulizwa. Mtutu uliobadilishwa, chemba iliyochongwa upya, kitako kilichopasuka nyuma ya maungio kikagundishwa, kifyatulio kilicholegezwa: yote hayo yatajwe mwanzoni, kabla mnunuzi hajaiona kwa taa yake. Maneno "imefyatuliwa mara chache" yasitumike na mtu aliyeinunua mwenyewe ikiwa mkononi mwa pili au wa tatu, kwa sababu hana anachokijua. Risasi halisi zisiwepo kabisa kwenye meza au chumba cha ukaguzi. Mnunuzi naye asije na magazini yake iliyojazwa "ili aone kama inaingia". Huyo mimi humwomba atoke.

Kwa wanunuzi, yapo mawili yanayonikera kupita mengine. La kwanza ni kuiponda silaha kwa sauti ili bei ishuke. Ukiona kasoro, ioneshe kwa kidole na uulize, tutazungumza. La pili ni mtu wa tatu. Mtu akiwa ameishika silaha na anazungumza bei na mwenyewe, wewe uliyesimama pembeni huna neno. Hutoi bei yako, husemi kwamba umeona nzuri zaidi kwingine, hunyooshi mkono kuipokea. Aliyeishika ana haki ya kwanza mpaka aiweke chini au aseme haichukui.

Kuhusu namba ya silaha: mnunuzi lazima aione na ailinganishe na hati, na hilo halina mjadala. Lakini kupiga picha na kuirusha mtandaoni namba ikisomeka si haki yake, na muuzaji anayeifunika kwenye tangazo hafichi wizi. Namba iliyosagwa au kugongwa juu yake nyingine ni jambo tofauti kabisa. Hapo ukaguzi unakoma, hakuna malipo yanayotolewa, na mamlaka yanaarifiwa kwa namna sheria inavyotaka. Tahadhari moja tu: kukosa namba na kufutwa namba havifanani. Nchini Marekani, kwa mfano, kabla ya sheria ya mwaka 1968 si kila bunduki ilitakiwa kuwa na namba, na bunduki nyingi za .22 na za marisau za bei rahisi zilitoka kiwandani bila namba. Uso wa chuma utakuonesha kama mahali hapo palisagwa au palikuwa hivyo tangu mwanzo, na sheria ya ulipo ndiyo itakayosema kama ya pili inaweza kumilikiwa.

Msomaji Kimya

Nimewaelewa, na nashukuru. Nina swali moja kwa Fundi: rivolva inakaguliwaje kwa mnunuzi aliyeruhusiwa kukoki lakini hakuruhusiwa kufyatua?

Fundi Tindo

Inawezekana kwa sehemu. Ikiwa imeangaliwa ni tupu, matundu yote na si moja, koki nyundo polepole sana huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa uzito mdogo, kama breki. Silinda inatakiwa ifike mahali pake na kufungika kabla au sambamba na nyundo kufika mwisho. Ikiwa nyundo imefika na silinda bado inataka kusukumwa, mpangilio wake umechoka. Rudia kwa kila tundu, kwa kuwa moja linaweza kuwa bovu na mengine mazima.

Tatizo ni kuirudisha nyundo chini. Kuishusha kunalazimu kuvuta kifyatulio huku gumba likiizuia nyundo isigonge, na gumba likiteleza umefyatua. Kwa hiyo mweleze mwenyewe mapema, au mwachie yeye aishushe.

Baada ya hapo tazama nafasi iliyoko kati ya silinda na mtutu. Katika rivolva nyingi nzuri huwa kati ya milimita 0.10 na 0.20, na hupimwa kwa vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, ambavyo vinaingizwa kwa mkono mwepesi. Isukume silinda mbele na nyuma. Mchezo unaohisika wazi ni wa kumwonesha fundi. Mwisho, angalia mwanzo wa mtutu, pale risasi inaporukia kutoka kwenye silinda: nyufa ndogo huanzia hapo.

Shabaha

Nimalizie na swali nililotumiwa faraghani, kuhusu bunduki ya .22 yenye magazini ya bomba chini ya mtutu. Muulizaji anasema muuzaji alifungua bolti, chemba ikaonekana tupu, akaikabidhi. Je, inatosha?

Haitoshi. Springi ya bomba ikiwa na uchafu au imechoka, risasi inaweza kubaki imekwama katikati ya bomba bila kufika kwenye chemba. Ikitikiswa, ikigeuzwa, au bolti ikivutwa tena, risasi hiyo hushuka na kubebwa hadi ndani. Kwa aina hii mwombe mwenyewe achomoe bomba la ndani kabisa, bunduki iinamishwe ili chochote kilichomo kitoke, kisha bolti ivutwe na kurudishwa mara kadhaa mdomo wa mtutu ukiwa upande salama. Bomba likirudishwa, bolti ikiwa wazi, unatakiwa kukiona kile kisukumio cha risasi kwenye mdomo wa magazini. Ukikiona, hakuna kitu kati yako na mwisho wa bomba. Usipokiona, usiipokee bado.

Na ukiwa umemaliza na huinunui, irudishe kama ulivyoipokea: ikiwa wazi, magazini mkono wa pili, mdomo upande ule ule. Kama umeuhisi uvimbe alioutaja Fundi au ufa wowote, mwambie mwenyewe kando, kwa sauti ya chini, na umwoneshe mahali penyewe kabla hujaondoka.